Ushahidi Baada ya Moto: Juu ya Kurejesha Kumbukumbu za Wosia na Mirathi

Mahakama inapoamua kuandika upya kumbukumbu za wosia na mirathi zilizoteketea, swali la nini hasa kinachorejeshwa hutangulia swali la utaratibu wa kukirejesha, na ni swali ambalo wanasheria hupenda kulipita haraka. Wosia ni tamko la mtu la jinsi anavyotaka mali yake igawanywe baada ya kufa kwake. Mirathi ni mali hiyo pamoja na haki na madeni yanayoandamana nayo. Na kumbukumbu za mahakama ni jalada linalobeba wosia wenyewe, orodha ya mali, viapo vya wasimamizi na uamuzi wa hakimu kwamba wosia huo ni wa kweli. Ndani ya jalada moja, basi, mna vitu vitatu vya asili tofauti: nia ya marehemu, ambayo ilikuwa jambo la moyoni na imekwisha pita, hati, ambayo ni kitu cha kushikika, na hukumu, ambayo ni tendo la mamlaka. Moto huila hati peke yake. Nia haiungui kwa kuwa ilikwisha ondoka na mwenyewe, na hukumu haitenguki kwa kuwa hakuna aliyeitengua, ila vyote viwili hubaki bila ulimi. Mkataba wa mauziano ukiungua, muuzaji na mnunuzi huweza kuitwa, wakabishana na kusahihishana. Wosia ukiungua, mtu pekee aliyeweza kusema kwamba hivyo sivyo alivyokusudia amekwisha zikwa.

Mahali ambapo swali hili limejitokeza kwa uzito mkubwa kuliko pengi ni Dublin, mji mkuu wa Ayalandi. Kwa sheria ya mwaka 1867 nchi hiyo ilianzishiwa Ofisi ya Kumbukumbu za Umma, ikajengewa jengo katika eneo la mahakama kuu liitwalo Four Courts, na humo zikakusanywa karatasi za karne nyingi kutoka kila pembe, kwa hoja ya busara kwamba vitu vya thamani hulindika vizuri zaidi vikiwa pamoja chini ya mlinzi mmoja. Tarehe 14 Aprili 1922 wapiganaji waliopinga Mkataba wa Desemba 1921 kati ya Ayalandi na Uingereza waliliteka eneo hilo; tarehe 28 Juni jeshi la Serikali ya Mpito likaanza kulipiga kwa mizinga; na tarehe 30 Juni mlipuko mkubwa, ambao kila upande uliutupia upande wa pili, uliiteketeza hazina ya nyaraka pamoja na karibu kila kilichokuwamo. Sensa za mwaka 1821, 1831, 1841 na 1851 zilipotea isipokuwa vipande, na wosia za asili zilizokuwa zimehifadhiwa humo, baadhi zikiwa za tangu karne ya 16, ziligeuka majivu yaliyopeperushwa juu ya mji. Chumba cha wasomaji kilikuwa katika jengo jirani lililotenganishwa na hazina kwa nafasi iliyoachwa makusudi ili kuzuia moto, na nafasi hiyo ilifanya kazi yake, ila kwa kuokoa upande uliokuwa na karatasi chache.

Yafaa kueleza jinsi wosia hizo zilivyofika mahakamani, kwa sababu historia hiyo ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa la kidini pia. Hadi mwisho wa mwaka 1857 uthibitisho wa wosia nchini Ayalandi haukuwa kazi ya mahakama za serikali bali ya mahakama za kanisa rasmi la Kianglikana: kila dayosisi, yaani eneo la askofu mmoja, ilikuwa na mahakama yake, na marehemu aliyeacha mali ya zaidi ya pauni 5 katika dayosisi ya pili alipelekwa kwenye mahakama ya juu ya Askofu Mkuu wa Armagh. Kanisa lilidai mamlaka hayo kwa kuwa wosia ulihesabiwa kuwa sehemu ya maandalizi ya kifo, mahali ambapo mtu hulipa madeni, hutoa sadaka na hukabidhi roho yake kwa Muumba kabla ya kutaja ng'ombe na vyombo vya nyumbani. Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 9, hujenga hoja nzima ya teolojia juu ya kanuni ya kisheria kwamba wosia hauna nguvu maadamu aliyeutoa yu hai. Kwa hiyo kilichoungua hakikuwa daftari la mali tu. Lilikuwa rundo la maneno ya mwisho ya watu waliofikiri kwamba wanasema mbele ya Mungu.

Baada ya moto, kilichosalia kilionyesha tabia moja ya kumbukumbu ambayo haitazamwi vya kutosha, nayo ni kwamba nakala huhifadhi jibu la swali la mnakili, si swali la mwandishi wa kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sir William Betham, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya nasaba na nembo za koo, alipitia wosia za mahakama ya Armagh zilizotangulia mwaka 1800 na kuandika mihtasari ya maelfu yake. Kazi hiyo ni neema isiyokadirika, lakini Betham alikuwa akitafuta nasaba, si mali: alinakili nani alikuwa mke, mwana, ndugu na mkwe wa nani, akaacha mara nyingi kutaja nani alipewa shamba na nani alinyimwa. Mmoja wa waliomfuata katika ofisi hiyo, Sir Arthur Vicars, alichapisha mwaka 1897 faharasa ya wosia za mahakama hiyohiyo kuanzia mwaka 1536 hadi 1810, na kwa kuwa ilichapwa na kusambazwa ilinusurika, ingawa Vicars mwenyewe aliuawa na nyumba yake kuchomwa tarehe 14 Aprili 1921, mwaka mmoja kamili kabla ya Four Courts kutekwa. Naye Herbert Wood, mmoja wa wakuu wa ofisi ya kumbukumbu, alitoa mwaka 1919 mwongozo wa nyaraka zote zilizohifadhiwa humo, hivyo taifa lilibaki na maelezo kamili ya kitu ambacho halina tena.

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na usemi huo ni kweli kwa duka na kwa chama cha akiba, lakini hali ya Dublin ilikuwa kinyume chake: mali haikupotea, kwani mashamba yalibaki palepale na wenyewe ndani yake, na habari nayo haikupotea yote, kwani orodha zilizochapwa kila mwaka tangu 1858 zinataja jina la marehemu, makazi yake, siku aliyokufa, wasimamizi wake na thamani ya alichoacha. Kilichokosekana ni sababu. Msomaji wa orodha hizo hujua kwamba fulani aliacha pauni kadhaa mikononi mwa mjane wake, asijue kama mjane huyo alipewa mali moja kwa moja au kwa sharti la kutoolewa tena, wala kama mwana wa kwanza aliachwa nje kwa hasira au kwa kuwa alikwisha pata fungu lake mapema.

Upotevu huo, tena, haukuwa wa haki kwa wote. Waliokuwa na mali katika dayosisi zaidi ya moja, ambao ndio waliokuwa na uwezo zaidi, walikuwa wamenakiliwa na Betham; mkulima mdogo ambaye wosia wake ulithibitishwa na mahakama ya dayosisi yake tu hakuwa na mnakili wa namna hiyo, na mara nyingi hakubakiziwa zaidi ya jina katika faharasa. Mke aliyeolewa, ambaye hadi sheria ya mwaka 1882 kwa kawaida hakuweza kuusia mali bila ridhaa ya mumewe, hakuwa na cha kuunguzwa. Baada ya mwaka 1858 mambo yaligeuka kwa namna ya kushangaza, kwa sababu masijala za wilaya zilinakili wosia katika vitabu vyao kabla ya kupeleka hati za asili Dublin, na vitabu hivyo vikasalimika huko mikoani, ilhali vitabu vya masijala kuu ya Dublin viliungua karibu vyote. Hivyo mtu wa Cork au wa Belfast anasomeka leo kuliko mtu aliyeishi hatua chache kutoka hazina. Urejeshaji wowote unaoanzia kwenye mabaki ya namna hii hurithi upendeleo wa mabaki hayo, na mrejeshaji asiyeutaja upendeleo huo huufanya uonekane kuwa ndiyo sura ya jamii yenyewe.

Hapa ndipo hoja ya kifalsafa inapopaswa kukabiliwa ana kwa ana: kwa nini walio hai wajisumbue kurejesha maneno ya wafu? Mwanafalsafa Leibniz, katika kitabu chake cha mwaka 1667 juu ya njia ya kujifunza sheria, alidai kwamba wosia usingekuwa na nguvu yoyote kwa sheria ya asili kama roho isingekuwa ya milele. Kwa kuwa wafu wangali hai mahali pengine, alifikiri, wao ndio wamiliki hadi sasa, na warithi ni kama mawakili wao. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1789, mwanasiasa wa Marekani Thomas Jefferson alimwandikia mwenzake James Madison kwamba dunia ni ya walio hai, nao wana haki ya kuitumia tu wakati wao, na kwamba wafu hawana nguvu wala haki juu yake. Kama mtu huweza kurithisha, ni kwa sababu jamii imemruhusu. Kwa Leibniz, anayerejesha wosia uliopotea anamtumikia mtu aliyepo. Kwa Jefferson anaitumikia amani ya jirani, ili mjane asifukuzwe nyumbani na shamba lisigombaniwe. Maelezo yote mawili yana upungufu, kwani la kwanza halielezi kwa nini mahakama huweka kikomo cha muda wa kudai, ilhali roho haina kikomo, na la pili halielezi kwa nini watu huona aibu, si hasara tu, wanapogundua kwamba mali imegawanywa kinyume cha neno la marehemu. Aibu hiyo ni dalili kwamba wosia hufungamanisha pande mbili, na kwamba upande mmoja ukinyamaza daima, mzigo wote wa uaminifu huangukia upande wa pili.

Kesi iliyopima uaminifu huo kwa ukali ni ile ya wosia wa Lord St Leonards, jina la heshima la Edward Sugden, ambaye, kwa mzaha wa historia, aliwahi kuwa mkuu wa majaji wa Ayalandi mara mbili kabla ya kushika cheo hichohicho Uingereza mwaka 1852, na ambaye aliandika vitabu vya sheria ya mali vilivyosomwa na vizazi. Alipofariki Januari 1875 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, kisanduku alichohifadhia wosia wake kilifunguliwa, zikakutwa nyongeza nane za wosia, yaani hati ndogo za kuurekebisha, lakini wosia wenyewe haukuwamo. Kanuni ya Uingereza husema kwamba wosia uliokuwa mikononi mwa mwenyewe ukikosekana baada ya kifo, hudhaniwa kuwa aliuharibu kwa makusudi ya kuufuta, mpaka ithibitishwe vingine. Binti yake Charlotte, aliyeishi naye na kumfanyia kazi za ukatibu, alikuwa ameusoma mara nyingi, naye akaandika yaliyomo kutoka kichwani. Mahakama ilimwamini, na mwaka 1876 mahakama ya rufaa ikaafiki: kwamba mtu aliyeijua sheria kiasi kile asingefuta wosia bila kuandika mwingine, kwamba shahidi mmoja aweza kutosha hata akiwa ni mnufaika, na kwamba ikiwa sehemu tu ya wosia inaweza kuthibitishwa, sehemu hiyo itekelezwe. Jaji Mellish alikubaliana na matokeo lakini akatilia shaka hoja moja, nayo ni kama maneno ambayo marehemu aliyasema baada ya kutia saini yanaweza kupokelewa kuwa ushahidi wa yaliyomo.

Shaka hiyo ina kina kuliko inavyoonekana. Maneno ya baadaye ya mtoa wosia ni maneno ya mtu anayejikumbuka mwenyewe, na mtu huweza kusahau au kuipamba nia yake kama anavyoweza kusahau ya jirani. Kwa hiyo hata kama Lord St Leonards angefufuka na kuketi kizimbani, ushahidi wake ungekuwa ushahidi, si wosia. Kilichothibitishwa mwaka 1876, basi, hakikuwa karatasi ya marehemu, wala nia yake moja kwa moja, bali neno la binti yake lililopewa nguvu na majaji. Hili ndilo linalopasa kusemwa juu ya kila kumbukumbu iliyorejeshwa: ni tendo jipya la walio hai, linalobeba jina la tendo la zamani, na uhalali wake unatokana na ukweli wa mashahidi wake, si na kufanana kwake na karatasi ambayo hakuna awezaye kuilinganisha nayo tena.

Fiqhi ya Kiislamu, yaani elimu ya sheria inayotokana na Qurani na Sunna, ilifika karibu na hukumu hiyo kwa njia nyingine. Aya ya 282 ya Suratul Baqara huamrisha deni liandikwe, lakini papo hapo hudai mashahidi, na hueleza sababu ya kuwa zaidi ya mmoja kuwa ni kukumbushana. Na Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim humtaka Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuwa umeandikwa. Hata hivyo wanazuoni wengi wa kale, wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki wakiwemo, hawakukubali maandishi peke yake kuwa ithibati, kwa hoja kwamba mwandiko hufanana na mwandiko na karatasi haiwezi kuapishwa. Katika mfumo wa namna hiyo moto huteketeza kikumbusho, wala hauondoi ushahidi maadamu mashahidi wangali hai. Udhaifu wake uko wazi, kwani mashahidi nao hufa, na ndiyo maana makadhi waliweka madaftari. Ila fikra yenyewe inamkumbusha mrejeshaji kwamba nyuma ya kila hati kulikuwa na watu waliosimama wakaona.

Suala gumu zaidi ni la wosia dhalimu. Aya ya 181 ya sura hiyohiyo humtwika dhambi yule anayeubadili wosia baada ya kuusikia, na aya inayofuata humwondolea dhambi yule anayechelea upendeleo au dhuluma ya mwenye kuusia akawapatanisha wahusika. Mrejeshaji husimama hasa katikati ya aya hizo mbili, kwa kuwa hakuna mtu mwenye nafasi nzuri zaidi ya kuubadili wosia bila kuonekana kuliko yule anayeuandika upya baada ya asili yake kutoweka. Ayalandi inatoa mfano mkali. Sheria ya mwaka 1704 iliamuru ardhi ya Mkatoliki aliyekufa igawanywe sawa kwa wanawe wote, ila kama mwana wa kwanza angeingia kanisa rasmi ndipo angeweza kuichukua yote. Na Masijala ya Hati za Ardhi ya Dublin, iliyoanza kazi mwaka 1708, ilisaidia pia kuhakikisha kwamba ardhi haiwaponyoki watawala ikarudi kwa Wakatoliki. Masijala hiyo ilikuwa katika jengo lingine mwaka 1922, haikuungua, na kwa kuwa ndani yake mlisajiliwa pia muhtasari wa wosia kadhaa, chombo kilichosaidia kuwanyang'anya watu urithi kimekuwa miongoni mwa visima ambamo wajukuu zao huchota habari za wazee wao. Mrejeshaji ambaye kwa huruma angelainisha wosia wa mtu aliyebadili dini ili amnyime mdogo wake angelifuta kosa pamoja na dai la aliyekosewa. Mapatano yanayosemwa na aya ya 182 ni kazi ya hadharani, inayofanywa mbele ya wahusika baada ya wosia kujulikana ulivyo, na ndiyo sababu si ruhusa kwa mnakili.

Chicago ilishughulikia jambo hili kwa uwazi wa kupendeza. Moto wa Oktoba 1871 uliteketeza jengo la mahakama la wilaya ya Cook pamoja na kumbukumbu zote za ardhi na mirathi, na mwezi Aprili 1872 jimbo la Illinois likatunga sheria ya kumbukumbu zilizoungua, ambayo iliziruhusu mahakama kupokea kuwa ushahidi mihtasari ya hati iliyotayarishwa na kampuni binafsi kwa ajili ya biashara yao, ambayo wenyewe waliikimbiza mitaani moto ukiwa nyuma yao, na kuzipa mamlaka ya kuchunguza na kuamua upya nani ni mmiliki. Kumbukumbu mpya haikujifanya ya zamani. Ilikuwa kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, ambacho kila mtazamaji angekiona na kukihoji. Mradi wa kidijitali uliozinduliwa Juni 2022 chini ya Chuo cha Trinity cha Dublin, unaoijenga upya hazina ya Four Courts kwa nakala zilizotafutwa katika maktaba na hifadhi za nchi nyingi, unafuata adabu hiyohiyo kwa kuonyesha kila nakala imetoka wapi. Mahakama ya Kikuyu nchini Kenya, iliyochomwa moto wakati wa maandamano ya tarehe 25 Juni 2025 na nyaraka zake kuungua, inakumbusha kwamba jambo hili si la wazee wa Ulaya, na kwamba nakala iliyogongwa mhuri iliyo ndani ya kabati la wakili au chini ya godoro la mjane huweza siku moja kuwa na uzito kuliko masijala nzima.

Linabaki swali la asili inayopatikana baadaye, ambalo si la kubuni, kwani mafurushi ya karatasi zilizounguzwa kingo, yaliyookolewa kwenye kifusi cha Dublin mwaka 1922 na kufungwa, yamekuwa yakifunguliwa na wahifadhi miaka ya karibuni tu. Endapo wosia ungejitokeza ukapingana na ule uliorejeshwa kwa ushahidi, mtu angetazamia kwamba huo uliorejeshwa ungefutika kana kwamba haukuwahi kuwapo. Sheria ya Uingereza haisemi hivyo: sheria ya usimamizi wa mirathi ya mwaka 1925 inaruhusu hati ya usimamizi itenguliwe, lakini humlinda aliyelipa au kulipwa kwa nia njema kabla ya kutenguliwa, na humwachia mnunuzi alichonunua, hata kama msimamizi aliyemuuzia hakuwa ndiye marehemu aliyemtaka. Wakosoaji huona humo udhaifu, kwamba neno la marehemu limeshindwa na risiti. Lakini kama kumbukumbu iliyorejeshwa ni tendo la walio hai, basi ilikuwa tendo halisi tangu siku ilipotolewa, na waliolitegemea hawakutegemea kivuli. Wanachodaiwa baada ya karatasi ya kwanza kuonekana ni kuieleza mahakama kila walichokigawa, na wanufaika wa kweli wana haki ya kufuatilia kile kilichobaki mikononi mwa waliopewa bila ya kununua.